Chungu cha Nyumbani na Damu ya Mtoto

Hotuba iliyosomwa na muuguzi mstaafu, mjumbe wa chama cha msingi, katika siku ya pili ya sherehe za miaka kumi za Chama Kikuu



Jana tulisikia habari za magunia, za mizani, za mikopo na za bei ya mnada, na kila aliyesema alisema kwa hesabu, kama iwapasavyo watu wa ushirika. Mimi pia ni mtu wa mizani, ingawa mizani yangu haikuwa ya kahawa. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepima watoto katika zahanati na vituo vya afya vya mlima huu wa Kilimanjaro, tangu vijiji vya juu vilivyopakana na msitu hadi kule chini kwenye tambarare ya mahindi. Kwa hiyo nawaomba mnivumilie ikiwa nami nitasema kwa hesabu. Hesabu yangu ni ya kitu kidogo mno, kidogo kuliko punje ya kahawa.

Kitu hicho ni madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Ni chuma kile kile cha jembe na cha panga, ila mwili hukichukua kwa chembe zisizoonekana kwa macho, ukakitumia kutengeneza ule wekundu wa damu ambao hubeba hewa kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo. Mtoto asipokipata cha kutosha hupauka viganja na kope, huchoka upesi, hukosa hamu ya kula na ya kucheza, na ubongo wake, ambao katika miaka miwili ya kwanza unajengwa kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote, hukosa kifaa kimoja cha ujenzi.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walionekana wamepungukiwa na damu. Tafadhalini, msiichukue hesabu hiyo yote mkaiandika katika deni la chakula. Malaria huvunja damu. Safura, yaani wale minyoo wapenyao katika nyayo za mtoto atembeaye pekupeku, hunyonya damu kidogo kidogo kila siku. Na dawa ya hiyo ni choo na viatu kabla ya kitu kingine chochote. Tena wapo watoto waliozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Lakini ukiisha kuyatoa hayo yote, chuma kilichokosekana katika chakula hubaki kuwa sababu kubwa sana, nayo ndiyo niliyoijia hapa, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwetu sisi wenye mashamba na majiko.

Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na akiba ya chuma. Ameipata kwa mama yake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, na huongezewa kidogo kwa damu ya kitovu ikiwa mkunga hakifungi kwa haraka bali angoja dakika moja au zaidi. Ni kama fedha ambazo mzazi amemwekea benki. Basi mtoto huitumia akiba hiyo, naye hukua upesi, hata akitimiza mwaka mmoja uzito wake umekuwa mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Ifikapo miezi 6 akiba imekwisha, au inakaribia kwisha. Maziwa ya mama yana chuma kizuri, chepesi kuingia mwilini, lakini ni kidogo mno. Na mama hata ale mtori asubuhi na jioni hawezi kukiongeza sana chuma hicho katika maziwa yake. Mtori ule ni wa kumjenga yeye mwenyewe baada ya uzazi, na ni haki yake. Nalisema hili wazi nisije nikatajwa vibaya huko majumbani.

Tangu hapo, mtoto anaendelea kunyonya, ila chuma chake hakina budi kitoke chunguni. Ni kiasi gani? Wataalamu wa Marekani walitoa jedwali lao mwaka 2001, na humo waliandika kwamba mtoto wa miezi 7 hadi 12 apate miligramu 11 kwa siku, na mwanamume mzima miligramu 8. Nilipoyasema maneno haya kwa mara ya kwanza katika mkutano wa chama chetu cha msingi, mzee mmoja aliniambia kwamba bila shaka nimeishika karatasi juu chini. Sikuishika juu chini. Mtoto asiyeweza bado kusimama anahitaji chuma kingi kuliko baba yake ashikaye jembe, kwa sababu baba amekwisha kujengwa na mtoto anajengwa. Punje moja kavu ya kahawa ina uzito wa miligramu zaidi ya 100. Basi haja ya mtoto kwa siku nzima ni kama sehemu moja ya kumi ya punje moja, na kiasi hicho ndicho tunachoshindwa kumpatia.

Sasa nitasema habari za nyumba yangu. Baba watoto ni mjumbe, amekaa safu ya nne, nami nimemwomba ruhusa.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na afya njema. Alinyonya vizuri. Alipotimiza miezi sita tulimwanzishia uji wa mahindi na maziwa ya ng'ombe, na alipofika mwaka akawa mtu wa chai: chai ya maziwa asubuhi pamoja na ndizi ya kuchemsha, chai ya maziwa saa kumi, jioni kiburu kidogo, kisha chai tena ili apate usingizi. Alikuwa mnene, majirani wakamsifu. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi minne nilimkuta nyuma ya nyumba ameketi penye ukuta wa banda la mbuzi, anaukwangua udongo kwa kijiko na kuula. Nikampiga kofi la mkono. Kwa juma zima nilikuwa kumfukuza ukutani hapo, mimi muuguzi, ambaye siku zote niliwafundisha wenzangu kwamba mtoto alaye udongo apimwe damu. Siku moja nikiwa kazini mama mmoja aliniletea mtoto wake kwa shida iyo hiyo. Nikaanza kumwandikia kipimo, na kalamu ikiwa mkononi ndipo nilipomkumbuka wangu. Jioni ile nilimfunua kope la chini, nikaliona limepauka kama karatasi ya daftari. Kipimo kikatoka 7, na kwa umri wake wakati ule kilitakiwa kifike 11. Hakuonekana na malaria, wala minyoo. Alikuwa na chai.

Alipewa dawa ya chuma kwa miezi mitatu, tukambadilishia chakula, na damu ikarudi. Wekundu wa damu hurudi upesi. Lakini Daktari Betsy Lozoff na wenzake waliwapima watoto wadogo huko Costa Rica katika miaka ya 1980, wakawatibu, kisha wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka 10. Na wale waliokuwa wamekosa chuma kwa ukali na kwa muda mrefu utotoni walionekana bado wako nyuma ya wenzao katika masomo na katika ustadi wa mikono, ingawa damu yao ilikwisha kurekebishwa zamani. Mwanangu sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na watoto wake, wala sina ushahidi wa kusema kwamba alipoteza kitu. Ila alichelewa kusema, na hesabu zilimtaabisha kuliko ndugu zake. Kila nilipoifungua ripoti yake ya shule niliuona ukuta ule wa banda la mbuzi.

Bwana Mwenyekiti, hapa nahitaji ulinzi wako, kwa kuwa nataka kusema neno juu ya kahawa mbele ya watu waliosomeshwa kwa kahawa, wakaoa kwa kahawa na kujenga kwa kahawa, katika mlima ambao wakulima wake waliungana kwa ajili ya zao hilo tangu mwaka 1925.

Katika majani ya chai na katika buni mna vitu viletavyo ule uchungu wa kukaza ulimi. Vitu hivyo vikikutana tumboni na chuma cha chakula hukishika, na kikiisha kushikwa hakiingii katika damu. Hupita tu na kutoka. Mwaka 1983 wataalamu wa Marekani waliwapa watu wazima chakula cha nyama ya kusaga ndani ya mkate, wakapima chuma kilichoingia mwilini. Kikombe kimoja cha kahawa pamoja na chakula hicho kilipunguza chuma kwa sehemu 39 katika 100. Kikombe cha chai kilikipunguza kwa sehemu 64. Na jambo lililonishangaza mimi mwenyewe ni hili: kahawa iliyonywewa saa nzima kabla ya chakula haikudhuru kitu, bali iliyonywewa saa nzima baada ya chakula ilidhuru sawasawa na ile iliyonywewa pamoja nacho. Fikirini sasa desturi yetu. Sisi chai ni ya kuteremshia chakula. Tunamlisha mtoto maharage yenye chuma, kisha tunamtumia askari wa kukikamata.

Maziwa yaliyotiwa ndani ya chai hayaiondolei kosa hilo. Tena maziwa ya ng'ombe yenyewe karibu hayana chuma kabisa. Yana mema mengine mengi, na sisemi yaachwe. Lakini mtoto aliyepita mwaka mmoja akinywa zaidi ya nusu lita kwa siku hushiba, akaikataa sahani. Unene wake ndio unaotudanganya, maana mizani hainong'oni habari za damu. Nimewaona watoto wa nyumba zenye ng'ombe wawili wa maziwa waliopauka kuliko watoto wa nyumba zisizo hata na mbuzi.

Sisemi watu wazima waache kunywa kahawa. Nasema mtoto aliye chini ya miaka miwili hana haja nayo, wala na chai, ya rangi au ya maziwa, hata kijiko kimoja. Anywe maji safi yaliyochemshwa, na ziwa la mama. Wakubwa wake, na hasa mama mjamzito, wanywe kabla ya chakula, au wangoje saa mbili baadaye. Hakuna gunia litakalokosa mnunuzi kwa sababu mtoto wa miezi kumi hakunywa.

Nikiacha vinywaji, nije kwenye vyakula vyenyewe. Chuma cha chakula ni cha namna mbili. Kipo kile cha nyama, cha samaki na cha damu, ambacho mwili hukipokea kwa urahisi, sehemu 15 mpaka 35 katika 100. Na kipo kile cha maharage, cha nafaka na cha majani, ambacho aghalabu huingia chini ya sehemu 10 katika 100. Lakini nyama ina tabia moja njema: ikiwekwa kidogo tu ndani ya chakula cha maharage, huyasaidia maharage nayo yatoe chuma chao. Kwa hiyo mwenye kipande kidogo cha nyama asidharau udogo wake. Na dagaa waliokaangwa bila mafuta, wakasagwa kinuni wakawa unga, wakanyunyizwa kijiko kimoja katika chakula cha mtoto kila siku, hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ambayo nyumba nyingi zaiweza.

Wazee wetu wa mlima huu hawakuwa wajinga katika jambo la damu. Mwanamke aliyejifungua alipewa mlaso, yaani damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, na akapikiwa mtori wa ndizi na nyama. Siku ya kuchinja mbuzi palikuwa na kisusio, mchuzi wa damu na matumbo. Leo siwashauri watu wanywe damu mbichi, kwa ajili ya maradhi ya wanyama. Kisusio kilichochemka vizuri ni jambo jingine. Ninalotaka mlione ni mgawanyo. Mzazi alikuwa na sehemu yake, na mzee alikuwa na sehemu yake inayojulikana kwa jina na kwa heshima. Sijapata kusikia sehemu ya mtoto wa mwaka mmoja ikitajwa.

Na mgawanyo huo umebadilika upande mmoja tu. Siku ya gulio, baba akiisha kuuza, hupita buchani. Pale huagiza maini, hukatiwa na kukaangiwa kwa kitunguu na pilipili, na ndizi za kuchoma pembeni, na kata ya mbege. Ni haki ya mtu aliyefanya kazi, nami sina ugomvi na bucha. Lakini maini hayo ni chakula chenye chuma kingi, na yameliwa yote na yule ambaye jedwali linamtaka apate miligramu 8. Gramu 30 za maini ya kuku yaliyopikwa, kipande kama kiberiti, zina miligramu kama 3, na sehemu yake ni ya ile namna iingiayo upesi. Mtu akifunga kipande kama hicho katika jani la mgomba akaenda nacho nyumbani mara moja kwa juma, au mara mbili, amefanya kazi kubwa. Nasema mara moja au mbili na isizidi, kwa sababu maini yana vitamini A nyingi, na mtoto mdogo asirundikiwe. Yachemshwe yaive kabisa mpaka ndani, yakwanguliwe kwa kisu au yapondwe kwa mwiko, yachanganywe katika mtori. Mtoto wa miezi saba asiye na jino hata moja huyala bila shida. Wanaosema nyama ni ya wenye meno wamesahau kwamba mama ana kinu.

Yai ni chakula kizuri, ila kwa jambo hili la chuma si shujaa. Mpeni, lakini msilitegemee peke yake.

Nyumba nyingi hazipati nyama kila juma, najua. Basi tuyatazame maharage, ambayo kila kihamba kinayo. Yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, ndipo yapikwe. Mtoto apondewe yakiwa mazito, wala asipewe mchuzi wake peke yake, kama wengi wafanyavyo. Chuma kimebaki katika punje, mtoto amepewa rangi. Mnafu na mchicha vifuate. Na juu ya hivyo vyote pawe na limau. Maji ya limau, chungwa, embe, papai au pera yana vitamini C, nayo hukifungulia mlango chuma cha mimea. Tena yataka limau likamuliwe chakula kikiisha kuepuliwa, kwa kuwa moto huiharibu vitamini hiyo. Sijui ni kwa nini watu wa mlima huu tunalidharau pera. Lina vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa mbali sana, nasi tunayaacha mapera yakiozea chini ya mti huku tukinunua soda.

Kuna jambo jingine juu ya nafaka. Ndani ya punje ya mahindi, ya ulezi, na hata ya maharage, mna kitu kiitwacho fitati, nacho hukishika chuma kama chai ikishikavyo. Kina mama wengi sasa hununua au husaga unga wa lishe wenye nafaka na kunde za namna saba au nane, wakidhani kwamba wingi wa namna ndio wingi wa nguvu. Nasikitika kusema kwamba mara nyingi wameongeza fitati ya namna saba. Yafaa zaidi namna mbili au tatu zilizotayarishwa vema. Na katika kutayarisha, sisi tuna elimu ambayo tumeifungia katika pipa la pombe. Nani katika ukumbi huu asiyejua kuotesha ulezi wa mbege? Ulezi hulowekwa, huchujwa, hufunikwa mahali penye joto siku mbili tatu mpaka uchipue, hukaushwa, husagwa. Ulezi ukichipua fitati yake hupungua. Tena unga wa kimea una ajabu nyingine: ukipika uji mzito wa kusimamisha mwiko, kisha ukatia kijiko kimoja cha kimea wakati uji ungali moto, ukakoroga, uji hulainika bila kuongezwa maji. Chemsha tena kidogo, mpe mtoto; amekula chakula kingi katika kikombe kile kile. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilijitahidi kuieneza habari hii ya kimea katika miaka ya 1980. Hapa kwetu haikuhitaji kuenezwa, ilihitaji kuhamishwa tu kutoka kwenye mbege kwenda kwenye uji.

Kanuni za nchi za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe chuma na vitamini. Lakini sisi tunasaga mahindi yetu kwenye mashine ya kijiji, na huko hakuna anayetia kitu. Kwa hiyo tusitegemee.

Niseme kidogo juu ya chungu chenyewe. Mwaka 1999 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliokwenda Ethiopia. Walizigawia nyumba vyungu, nyingine vya chuma na nyingine vya alumini kama haya masufuria yetu, na baada ya mwaka mmoja watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walikuwa na damu nzuri kuliko wenzao. Chuma huyeyuka kidogo kidogo katika mchuzi, hasa wenye nyanya au limau. Mlima huu ulikuwa na wahunzi mashuhuri huko Mamba, na leo katika jiko zima huenda kitu cha pekee cha chuma ni kisu. Chungu cha chuma ni kizito, hushika kutu kisipokaushwa, na bei yake si ya mchezo. Mwenye nacho asikitupe.

Najua wapo wanaojiuliza: ya nini taabu yote hii ya kuponda na kuloweka, ikiwa dukani kuna dawa ya maji yenye chuma? Nitawajibu kwa habari ya Pemba. Kati ya mwaka 2002 na 2003 kisiwani humo watoto zaidi ya 24,000 waliingizwa katika majaribio makubwa, wengine wakipewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki kila siku, wengine hawakupewa chuma. Mwezi wa Agosti 2003 majaribio ya chuma yalisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali na kufa kwa wingi kuliko wenzao. Pemba ilikuwa na malaria kali wakati ule. Lakini katika kikundi kidogo cha watoto ambao damu zao zilipimwa na malaria yao ikatibiwa upesi, wale waliokuwa wamepungukiwa kweli na chuma walifaidika. Fundisho walilolipata madaktari ni kwamba chuma cha dawa, kinachoingia kwa wingi mara moja, kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani huruhusu mtoto apewe, tena hushauri apewe pale ambapo upungufu umeenea sana, lakini malaria ikiangaliwa. Wenzetu wa tambarare, ambako mbu ni wengi kuliko huku juu, wasikilize zaidi. Mtoto aliyepauka apelekwe kituoni akapimwe. Asinunuliwe chupa kwa kukisia. Chuma cha chakula hakina hatari hiyo, kwa sababu huingia kidogo kidogo.

Nina maombi mawili, Bwana Mwenyekiti, kisha nitakaa.

La kwanza: vitalu vyetu vya miche ya kahawa viko katika kila chama cha msingi, vina maji, vina mtu wa kuvitunza. Naomba kila mwanachama ajaye kuchukua miche ya kahawa apewe pamoja nayo mche mmoja wa mlimau na mmoja wa mpera, na gharama yake iingizwe katika matumizi ya kitalu. Nimekwisha kuongea na wahudumu wa vitalu vitatu, nao wanasema kazi hiyo haiwazidi.

La pili linahusu leo. Fahali wawili wamechinjwa tangu alfajiri kwa ajili ya sherehe yetu, na kwa desturi maini huenda meza kuu. Kwa idhini ya Mwenyekiti nimezungumza na wapishi. Maini yote yamechemshwa na kupondwa. Sehemu ya leo imetiwa katika sufuria mbili za mtori zilizoko chini ya mparachichi, penye watoto wetu, na iliyobaki kila mama ataifungiwa aende nayo, aipike tena kabla ya kumpa mtoto. Limau zimekatwa. Chai ya watu wazima haitatoka mpaka saa tisa. Wazee wa meza kuu wamearifiwa na wamekubali. Baba watoto alikuwa hajaarifiwa; ndiyo sasa anasikia.